Mchumba wangu anaumwa moyo, amenirudishia kipande kimoja cha kanga

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 27, fundi seremala hapa Tanga. Nina banda langu Makorora, natengeneza vitanda, makabati na milango. Nakuandikia usiku, vijana wangu wameshaondoka na mashine nimezima, maana mchana kichwa hakinipi nafasi ya kuwaza.

Nina mchumba. Ana miaka 24, anafundisha watoto wa chekechea Chumbageni. Tulijuana miaka mitatu iliyopita alipokuja kuagiza viti 20 vya darasa lake. Vinne alivirudisha, akasema miguu haikai sawa sakafuni na mtoto ataanguka. Nilivirudia vyote vinne usiku uleule, na tangu siku ile sikumtoa moyoni. Mwaka jana wazee wangu walipeleka posa, ikapokelewa, tukatoa nusu ya mahari, na harusi ikapangwa Mfungo Mosi ujao. Nikaanza kutengeneza kitanda chetu kwa mkono wangu, futi sita kwa sita, mbao za mninga nilizozikusanya moja moja kwa mwaka mzima. Nimefika kwenye chaga. Kichwa cha kitanda bado.

Shida ilianza na kifua. Akipanda ngazi chache anahema kama mtu aliyekimbizwa. Usiku anakohoa, hawezi kulala chali, anaweka mito mitatu na bado anaamka akitafuta pumzi. Zahanati moja walimwambia ni pumu, akapewa dawa ya kuvuta, akaitumia karibu miaka miwili bila nafuu. Mama yake mdogo akasema ni upepo, wakampeleka kusomewa. Na shehe aliyemsomea, Mungu amlipe heri, ndiye aliyemtazama miguu akasema, "Dua nitaomba, lakini binti huyu amevimba, mpelekeni hospitali leo."

Alipopigwa kipimo cha moyo, kile cha kuangalia kwenye skrini, ilionekana mlango mmoja wa moyo upande wa kushoto umekakamaa na kusinyaa. Daktari akamuuliza mambo ya utotoni. Mama yake akakumbuka kwamba akiwa darasa la tatu aliumwa koo mara kwa mara, kisha viungo vikawa vinavimba kwa zamu, leo goti, kesho kiwiko. Walimpaka mafuta wakijua ni kukua. Tukapewa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Nilimsindikiza mimi na mama yake.

Kule walisema mlango umeharibika kiasi cha kutotengenezeka, atahitaji upasuaji wa kuwekewa mwingine. Asishike mimba kabla ya hapo, hatari ni kubwa. Na wakamtaka afikirie aina ya mlango: upo wa chuma na upo wa nyama ya mnyama. Wa chuma hudumu, lakini atameza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na dawa hiyo na mimba havipatani vizuri. Wa mnyama huchakaa, siku moja atafunguliwa kifua tena, lakini kuzaa ni rahisi zaidi.

Tukiwa kwenye basi tunarudi, tumeshapita Chalinze, aliniambia kwa sauti ya chini ili mama yake asisikie, "Mimi nitachukua wa mnyama, nikuzalie." Shangazi, nilipandwa na hasira za woga. Nilimwambia, "Sitaki mtoto kwa bei ya roho yako. Chukua wa chuma, habari ya mtoto isahau." Hakunijibu. Mpaka tunashuka stendi ya Kange hakusema neno lingine zaidi ya asante.

Nyumbani mambo yakazidi. Mama yangu ni mjane. Alizaa wanne, watatu wamelala makaburini, nimebaki mimi. Alipopata habari alilia siku nzima, halafu akaniambia, "Mwanangu, simchukii yule binti. Lakini mimi nataka nimshike mjukuu kabla sijafumba macho. Usinipeleke tena makaburini." Mjomba akaenda mbali zaidi. Alisema barazani mbele ya watu kwamba mahari irudishwe mapema, kwa heshima, kabla mambo hayajaharibika. Maneno hayo yalifika Chumbageni kabla ya jua kuzama.

Wiki mbili zilizopita mdogo wake aliniletea mfuko. Ndani mlikuwa na kanga. Nilimnunulia doti siku ya uchumba, jina lake "Wawili wakipendana adui hana nafasi", akasema hataikata mpaka siku ya harusi. Sasa ameikata. Amenirudishia kipande kimoja, hata hakijapindwa, nyuzi zinaning'inia. Na ujumbe kwa mdomo wa yule mtoto: "Nimekuachia njia. Oa, uzae, unikumbuke kwa dua." Nikipiga simu hapokei.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilipousikia ule ujumbe, kabla sijalia, nilisikia wepesi, kama mtu aliyetuliwa gunia la mkaa mgongoni. Haukudumu hata dakika moja, lakini ulikuwepo. Tangu siku hiyo najiona mnafiki.

Nimewaza hivi: niende kwao na wazee wawili tu wanaonielewa, tufunge ndoa wiki hii kabla hajaitwa kwenye upasuaji, ili nikae naye kitandani kwake nikiwa mume, si mchumba. Mama nimwambie amepona au daktari alikosea, suala la mtoto atalijua baadaye. Kuna wakati naona hilo ndilo penzi la kweli. Kuna wakati nasikia sauti ya mama. Na kuna wakati nawaza, mbona mwenyewe ameshanipa ruhusa?

Nimuoe upesi? Nimwache kama alivyotaka? Nisaidie, Shangazi.

Fundi wa Makorora

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nakusoma wewe. Mara ya pili nilikuwa namtafuta yeye, na ndipo moyo uliponiuma, maana nimeona jinsi anavyopatikana kwa shida humo ndani. Daktari amesema, mama amesema, mjomba amesema, wewe umesema. Yeye nimemsikia mara mbili tu: kwenye basi, ambapo alikatizwa, na kwa mdomo wa mdogo wake. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mchumba wako yupo, anapumua kwa shida pale Chumbageni, lakini mambo yake yanajadiliwa kana kwamba hayupo.

Nikikuelewa sawasawa, umebanwa pande tatu. Unampenda na unaogopa kumzika. Una mama ambaye wewe ndiye jicho lake lililobaki. Na una ruhusa mkononi ambayo hukuiomba, iliyokupa dakika moja ya wepesi, na ile dakika imekufanya ujichukie.

Nianze na hiyo dakika. Kwa miezi umebeba safari za hospitali, maneno ya barazani na hofu ya usiku. Aliyebeba mzigo akitupiwa kivuli husikia ubaridi, hata kama hakupanga kuutua. Wepesi ule umekwambia kwamba umechoka. Kwamba humpendi, hilo haukulisema. Lakini usiuzike pia. Nahofia huo mpango wa kufunga ndoa wiki hii una harufu ya mtu anayetaka kulipa deni la ile dakika. Jichunguze, taratibu. Ukienda kwa sababu unamtaka awe mkeo, hilo ni jambo moja. Ukienda kwa sababu umejikuta na hatia, atakuja kuijua, maana wagonjwa wanasoma nyuso zetu kuliko tunavyodhani.

Turudi kwenye basi. Wewe unaona ulisema neno la mapenzi: sitaki mtoto kwa bei ya roho yako. Najua lilitoka wapi, na sikulaumu. Lakini hebu kaa kwenye kiti chake. Binti wa miaka 24, anayeshinda na watoto wa watu kuanzia asubuhi, ametoka kuambiwa moyo wake ni mbovu. Amekusanya nguvu akakuambia ndoto yake, na kwa uchungu akaiita zawadi yako, "nikuzalie". Ukamwambia isahau. Inawezekana alisikia kwamba unampenda kuliko mtoto. Inawezekana pia alisikia kwamba yeye si mwanamke wa kuzaa tena, na anayempenda ndiye wa kwanza kulitamka. Wewe unamlaumu mjomba kwa kile kipande cha kanga, na mjomba kweli amekosa, mambo ya posa ya watu hayasemwi barazani. Ila ukimya ulianzia Chalinze, mwanangu, siku kadhaa kabla ya mjomba. Na je, ni kweli kwamba anataka mtoto kwa ajili yako tu? Umewahi kumuuliza kama anamtaka kwa ajili yake mwenyewe?

Sasa niseme kidogo juu ya ugonjwa, kwa sababu naona mengi yanayosemwa mtaani kwenu hayana miguu. Haya maradhi hayatokani na upepo wala husuda, na hutayapata kwa kulala naye kitanda kimoja. Huanzia kwenye yale maumivu ya koo ya utotoni yanayoletwa na bakteria. Koo lisipotibiwa, kinga ya mwili ikipigana nao hukosea shabaha, ikashambulia viungo na milango ya moyo. Ndiyo maana goti lilivimba leo na kiwiko kesho. Viungo hupona bila alama, lakini milango ya moyo hubaki na kovu, na kovu hukakamaa kidogo kidogo kwa miaka mpaka mtu anafika ukubwani hana pumzi. Mama yake aliyempaka mafuta hakufanya dhambi, mama wengi wa pwani tungefanya hivyohivyo. Nalisema kwa sauti kwa sababu yumkini naye halali usiku, na pia kwa sababu anayesoma hapa akiwa na mtoto mwenye koo la mara kwa mara na viungo vinavyovimba kwa zamu ampeleke akapimwe. Mwenzako mwenyewe, muulizeni daktari habari ya sindano za penisilini za kila baada ya wiki tatu au nne, ambazo wenye ugonjwa huu hupewa kwa miaka mingi ili homa ile ya koo na viungo isirudi ikaharibu zaidi.

Kwa nini walisema mimba isubiri? Mwanamke mjamzito damu yake huongezeka kwa karibu nusu. Mlango uliosinyaa haupitishi mafuriko hayo, damu inarudi mapafuni, na mama anaweza kuzama akiwa nchi kavu. Kwa hiyo neno la daktari ni la kushikwa kwa mikono miwili. Lakini hawakusema asizae milele, walisema kabla ya upasuaji. Hapo ndipo ulipokimbia mbele yao.

Na ile milango miwili, kila mmoja una bei yake. Wa chuma huweza kudumu miongo mingi. Atameza warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku, atapimwa damu mara kwa mara ili kipimo kisizidi wala kupungua, na mboga zetu za majani, mchicha na kisamvu, atazila kwa kiasi kinachofanana wiki hadi wiki kwa sababu zinavutana na dawa. Ujauzito akiwa na mlango huo una hatari ya kweli: dawa yaweza kumdhuru mtoto, hasa miezi mitatu ya mwanzo, na akiiacha bila utaratibu damu yaweza kuganda kwenye mlango wenyewe. Wapo waliozaa wakiwa nao, chini ya macho ya madaktari, kwa kubadilishiwa dawa na sindano. Si jambo la kujaribu nyumbani. Wa mnyama mara nyingi hauhitaji dawa hiyo kwa maisha yote, ila huchakaa, na kwa vijana huchakaa mapema, aghalabu ndani ya miaka 10 hadi 15. Yaani binti wa miaka 24 akiuchagua leo, ajue kwamba akiwa na watoto wa shule atalala tena kwenye meza ile. Kuna wanaokubali bei hiyo kwa macho makavu, na kuna wasioikubali. Sitakwambia upi ni bora. Nami si daktari. Nakwambia tu kwamba kifua ni chake.

Swali jingine litakuja, afadhali mlitangulie. Milango ya mnyama hutengenezwa kwa tishu ya ng'ombe au ya nguruwe. Muulizeni daktari waziwazi ni ya nani, kisha mpelekeeni shehe swali hilo mapema. Na mnaye shehe wa kumwendea, yule aliyemtazama miguu. Msisubiri jambo hili liibuke mlangoni mwa chumba cha upasuaji kwa mdomo wa jamaa.

Nina shoga yangu aliyewekewa wa chuma. Usiku tukilala chumba kimoja, feni ikizimwa, naisikia saa ndogo ikilia kifuani mwake, tik, tik, tik. Wiki za mwanzo mumewe alikuwa hapati usingizi kwa ile sauti. Siku hizi, anasema shoga yangu, mzee akisafiri ndipo anapokosa usingizi kwa kutoisikia. Nakusimulia hili ujue kwamba upasuaji huu una siku ya pili yake, una mwaka wa pili, watu wanapika na wanagombana na kupatana. Wengi hutoka salama. Si wote, nalo nisikufiche. Kufunguliwa kifua si kung'olewa jino.

Haya, njia zako.

Ndoa ya wiki hii. Uzuri wake nauona: utakuwa mumewe, utakuwa na sauti na haki ya kukaa pale, naye ataingia akijua hajaachwa. Lakini amekuambia nenda, nawe hujaongea naye uso kwa uso tangu akutumie ujumbe ule. Ukitokea na wazee wawili na kadhi, atakubali kwa sababu anakutaka au kwa sababu anaogopa kufa peke yake? Mnaweza msijue hata nyinyi wenyewe. Na ndoa ni kitanda, mwanangu, tusizungukane. Kabla ya kitanda lazima mkae na daktari mpange namna ya kuzuia mimba inayomfaa yeye, kwa sababu baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango huongeza kuganda kwa damu na si vya mtu wa moyo kujinunulia dukani.

Kungoja mpaka baada ya upasuaji. Hapo anapata nguvu, anaamua akiwa na pumzi. Ila kungoja kukiwa kimya, kutaonekana kama mteja anayesubiri kuona kama bidhaa itatengenezeka ndipo alipe. Ukichagua kungoja, basi mngoje ukiwa naye, si ukiwa Makorora. Na kusiwe na mtu wa kuigusa habari ya mahari katika muda huo.

Kuondoka. Nitaitaja kwa sababu umeitaja, na sitakuita mbaya. Posa si nikaha. Wapo vijana waliojijua kwamba hawataweza, wakasema kweli mapema, na ikawa rehema kuliko mume anayebaki akinuna miaka kumi. Hatari yake unaijua, ndiyo maana huna usingizi. Ukifika huko, usimtume mjomba wala mdogo mtu. Nenda mwenyewe, kaa kwenye mkeka, sema kwa mdomo wako, na safari za hospitali ulizoahidi utimize.

Kuhusu kumdanganya mama, hapo nitakuwa mkali kidogo. Uswahilini kwetu mwezi wa tatu wa ndoa mkwe anaanza kuangalia tumbo. Wa sita anauliza. Uongo wako atakuja kuulipa mkeo, jikoni, kwa maneno ya vijembe, akiwa na kovu kifuani asiloweza kulieleza. Na mama yako nadhani humwelewi vizuri. Unasikia anasema mjukuu. Mimi nasikia mwanamke aliyezika watoto watatu, ambaye kila akisikia neno moyo anaona sanda. Amekwambia mwenyewe: usinipeleke tena makaburini. Hajui kwamba kuna milango ya kubadilisha, kuna taasisi iliyoanzishwa mwaka 2015 kwa kazi hiyo, kuna watu wanatembea mitaani na saa zao kifuani. Nani amemweleza? Safari ijayo ya kliniki, ukiwa bado umo, muombe mama mkwe mtarajiwa ruhusa umpeleke na mama yako. Apande basi, akae benchi moja na binti, amsikie daktari kwa masikio yake. Huenda akarudi na msimamo uleule. Lakini atakuwa amemuona mtu, kwa sasa anaona jeneza tu.

Jambo la fedha hukuligusa, nami nitapita tu: hospitali kubwa zina ofisi ya ustawi wa jamii. Nendeni mkaulize mapema, kabla wazee hawajaanza kuuza kiwanja.

Sasa ile kanga. Umesema amekurudishia, ukasema amekuachia njia, ukaishia hapo. Mwanangu, sisi wanawake wa pwani tunaposema basi, tunarudisha doti nzima, imekunjwa, pengine na ubani juu yake. Yeye alichukua mkasi. Kanga aliyoapa haikati mpaka siku ya harusi, ameikata, akakuletea kipande na kipande akabaki nacho. Kimeandikwa jina lilelile. Sitaki kukupa tumaini la kupika, mimi simjui, na inawezekana alitaka kumbukumbu tu ya kuvaa siku atakayolazwa. Inawezekana alikuwa anauliza kitu. Mwenye jibu ni mmoja, na hujamuuliza.

Kwa hiyo kabla hujachagua njia yoyote, nenda Chumbageni. Simu achana nayo. Pitia kwa mama yake, omba ruhusa kwa adabu, keti pale watu wanapowaona. Usiende na mpango wa ndoa mfukoni. Kaanze na lile la kwenye basi, umwambie, "Nilikukatiza, naomba unimalizie." Halafu unyamaze. Atasita, anaweza kulia, anaweza kukufukuza, pumzi itamkatika katikati ya sentensi na utataka kumsaidia kuimaliza. Usimsaidie. Muache aifikishe mwenyewe. Muulize anaogopa nini. Muulize anataka nini hata kama wewe usingekuwepo duniani. Na yeye akikuuliza unaogopa nini, mwambie, pamoja na ile dakika ya wepesi ukiona ana nafasi ya kuibeba. Mara nyingine mgonjwa hupumua akijua si yeye peke yake anayechoka.

Na kuna kitu kimoja kinachoweza kufanyika kesho asubuhi, uoe usioe. Mwenzako analala kwa mito mitatu, mito inateleza, anaamka usiku kuitafuta. Wewe ni fundi. Mbao unazo. Mtengenezee egemeo la kuweka kitandani, la kuinua mgongo na kichwa, lenye meno nyuma ili alipandishe na kulishusha mwenyewe kadiri ya pumzi yake ya usiku huo. Lipige msasa vizuri, pembe zisimchome, na miguu yake ikae sawa. Anaangalia miguu, yule. Ukienda Chumbageni, nenda nalo begani, nami niandikie ukirudi.